Keki Juu ya Tangi

Mtaa mzima ulimwita Mama Keki, na hata mama mkwe wake, ambaye kumsifu mtu kwake kulikuwa kama kung'olewa jino, alikuwa ameshalikubali jina hilo. Kabla ya keki alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi bila kuchelewa na bila kupendwa sana, kwa sababu hakumpitisha mtu nje ya foleni, awe mkubwa awe mdogo. Zahanati ilipopunguza wafanyakazi, alirudi nyumbani, akafunga aproni, na kile alichokuwa akikifanya Jumamosi kwa kujifurahisha kikawa riziki.

Jiko lake lilikuwa chumba kirefu cha nyuma chenye oveni mbili, meza ya chuma, na feni ambayo ilikuwa marufuku kuiwasha unga ukiwa mezani. Keki zake hazikuwa na madoido mengi. Mtu aliyetaka mnara wa ghorofa nne wenye maua ya sukari alielekezwa kwingine. Lakini palipotakiwa siagi alitia siagi. "Anayetaka majarini aseme," alikuwa akiwaambia wateja. "Nitampikia keki ya majarini, na nitaiita keki ya majarini."

Keki zilisafiri kwa gari lake dogo jeupe. Mume wake, msoma mita wa idara ya maji, alikuwa na mkono wa useremala. Alitoa mto wa kiti cha nyuma, mahali pake akaweka ubao bapa, juu ya ubao akabandika zulia la mpira. Keki ikiwekwa pale haikuteleza hata gari lipite kwenye shimo. Ubao ule ulikuwa fahari yake. Kila mgeni alionyeshwa, apende asipende.

Mambo yalichacha Jumatatu moja asubuhi, Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani alipoingia jikoni akiwa ameshika bakuli la plastiki. Jumamosi iliyotangulia alikuwa amechukua keki ya kumuaga mwalimu aliyestaafu.

"Mama Keki, onja."

Akaonja. Krimu ilikuwa laini, vanila ilikuwa mahali pake. Kisha, nyuma ya vanila, kama mgeni asiyealikwa aliyejibanza nyuma ya pazia, ikatokeza petroli.

"Walimu wangu ni wastaarabu," Mwalimu Mkuu alisema. "Wamekula. Ila mmoja aliuliza kama ni salama kuwasha mshumaa."

Mama Keki aliweka kijiko chini. "Siagi hunyonya harufu. Sina la kujitetea. Nitakupikia nyingine bure."

"Nyingine sitaki. Ninachotaka ni keki ya mahafali, mwisho wa mwaka. Wazazi wote watakuwepo. Nikiletewa keki inayonuka gereji mbele ya wazazi, mimi na wewe tutabaki kusalimiana tu."

Hakusema kwa ukali, na hakukuwa na haja. Keki ya mahafali ndiyo iliyokuwa ikimlisha Mama Keki. Wazazi walioionja pale ndio waliokuja kuagiza za harusi, za ubatizo, za siku za kuzaliwa. Ikiharibika ile moja, zilizobaki zingejiharibikia zenyewe.

Alijua harufu inatoka wapi. Alikuwa akiisikia garini Jumamosi, alipokuwa akizungusha keki, na mama mkwe wake, ambaye siku hiyo hupewa lifti kwenda kwa dada yake, alikuwa akiisikia zaidi. "Nimekulia kwenye nyumba yenye taa ya mafuta," bibi alisema akiwa ameziba pua kwa kitambaa. "Sikutegemea uzeeni nitaipanda."

Na wala Mama Keki hakuwa amekaa mikono kifuani. Miezi kadhaa nyuma, kampuni iliyouza magari yale ilituma ujumbe kwenye simu za wenye magari. Magari ya toleo lile yanaitwa yarudishwe. Kipande cha plastiki kinachoshikilia pampu ya mafuta kwenye mdomo wa tangi kinaweza kupasuka. Matengenezo ni bure. Wengine waliufuta ujumbe wakidhani ni matapeli. Yeye, mtu wa kuitikia akiitwa, alikwenda juma lile lile.

Karakana ya kampuni ilikuwa na ukumbi wa vioo mbele, viti vya ngozi bandia, televisheni isiyo na sauti, na mtungi wa maji ambao vikombe vyake vilikuwa vimeisha siku zote. Mezani alikaa kijana ambaye wateja walimwita Kijana wa Tai, kwa kuwa alikuwa ameichomeka tai yake kwenye mfuko wa shati isiguse grisi, ingawa hapo alipokaa grisi haikuwahi kufika.

Kijana wa Tai alimweleza utaratibu. Vipande vipya ni vichache. Kwa hiyo gari linakaguliwa kwanza. Likikutwa linavuja, linabadilishiwa. Likikutwa kavu, mwenyewe anaendelea kulitumia, atapigiwa simu.

Gari lake lilikutwa kavu. Fundi aliingia chini na tochi, akatoka, akatingisha kichwa. Mama Keki akarudi mara ya pili, likakutwa kavu, na kwa kumfariji wakaliosha. Mara ya tatu walilitundikia kikaratasi chenye manukato kwenye kioo cha ndani.

"Mama, gari halinuki," Kijana wa Tai alisema siku hiyo.

"Jumamosi linanuka."

"Leo ni Jumatatu, mama."

"Najua leo ni siku gani."

Kijana alishusha sauti, kama daktari mwenye habari mbaya. "Au labda ni keki zenyewe. Siku hizi kuna vionjo vikali."

"Mwanangu, nimepika maisha yangu yote. Hakuna kionjo cha petroli."

Alifika nyumbani akakitupa kile kikaratasi cha manukato kwenye pipa. Mtu akikuambia nyumba yako inaungua humpi ubani.

Baada ya bakuli la Mwalimu Mkuu, alijaribu gari la kukodi. Dereva alikuwa mpole wa maneno na mkali wa breki. Keki ilifika kwa mteja imeinama kama bibi anayetafuta sindano. Akajaribu kuzifunga keki kwenye mifuko ya nailoni. Krimu ikatoka jasho. Msoma mita, aliyekuwa akitazama haya yote akinywa chai, siku moja alitoa ushauri.

"Tuliuze."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote. Tulionyeshe Jumatatu, siku ambayo halinuki."

Mkewe alimtazama. "Na huyo mnunuzi atakuwa analiendesha Jumatatu tu?"

Msoma mita alirudi kwenye chai yake. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huona mlango wa nyuma kabla ya kuuona wa mbele. Halikuzungumzwa tena.

Sasa hapa lazima lielezwe jambo ambalo kila mtu pale aliona ni la kawaida, na ndiyo maana hakuna aliyelitaja. Gari lilipokuwa linakwenda kwa fundi, lilikwenda na tangi tupu. Hivyo ndivyo watu wote walivyofanya. Ukiacha gari gereji na mafuta ya kutosha, utalikuta na mafuta ya kukufikisha kona ya kwanza. Mpira mwembamba, dumu, dakika chache, basi. Ukiuliza utaambiwa walilijaribu barabarani. Nyumbani kwa Mama Keki walikuwa na msemo wao: gari linalokwenda gereji liende na njaa. Msoma mita alikuwa ameurithi kwa baba yake pamoja na sanduku la zana.

Kwa hiyo mwendo wa juma ulikuwa mmoja. Ijumaa jioni Mama Keki alijaza tangi mpaka juu kwa ajili ya mizunguko ya Jumamosi. Jumapili alikwenda sokoni kununua mayai na sukari kwa mafuta yaliyobaki. Na kama Jumatatu kulikuwa na safari ya karakana, alihakikisha mshale umelala kwenye alama nyekundu. Hakuona ubaya. Wizi mdogo ukizoeleka hubadilishwa jina, ukaitwa desturi, na aliyeibiwa hujifunza kuishi kando yake, kama mtu anayejifunza kutoegemea mguu mbovu wa meza.

Jibu lilitoka jikoni kwake mwenyewe. Alikuwa na jagi la plastiki la kupimia maziwa, la zamani, lenye ufa karibu na mdomo. Asubuhi moja alikuwa ameshika mayai mikono miwili, akamwomba mumewe ampimie maziwa. Msoma mita, aliyeshinda akipima maji ya watu wengine, alilijaza jagi mpaka juu. Maziwa yakatambaa mezani, yakashuka kwenye viatu vyake.

"Nilisema hilo jagi litupwe," bibi alisema kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Limepasuka."

"Halivuji, mama," Mama Keki alijibu akitafuta kitambaa kwa macho. "Mimi hulitia nusu. Halivuji kama huli..."

Mayai yalikuwa bado mkononi.

"Kama huli nini?" bibi aliuliza.

"Kama hulijazi," Mama Keki alisema taratibu.

Aliweka mayai kwenye bakuli, akafuta meza, akafuta na viatu vya mumewe. Kisha akauliza, bila kumwangalia mtu, "Ile plastiki ya pampu inakaa juu ya tangi au chini?"

"Juu," msoma mita alisema. "Chini ya ule ubao wangu. Kwa nini?"

Kabla ya kwenda karakana mara ya nne alipita kituo cha mafuta, akajaza mpaka pampu ya kituo ikakata yenyewe. Nyumbani mumewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Unawapelekea tangi zima? Si ungewapelekea na funguo za nyumba kabisa?"

"Nitakaa nalo."

"Hawaruhusu mteja kuingia ndani."

"Basi watanitoa."

Aliendesha madirisha yakiwa wazi. Kwenye mlima wa karibu na soko harufu ilipanda, ikamkaa kooni. Kwa mara ya kwanza alifurahi kuisikia. Alipofika hakuegesha nje. Aliliingiza moja kwa moja kwenye banda la mafundi, akazima, akashuka, akasimama kando ya mlango akiwa amekumbatia mkoba. Kijana wa Tai alitoka mbio.

"Mama, huku wateja hawaingii."

"Mwite mkuu wako, mwanangu. Mimi nasubiri."

Fundi Mkuu alikuja akijifuta mikono. Alikuwa mtu mzima, mnene, wa maneno machache. Ukaguzi wa mara zote tatu ulikuwa umepita kwake. Mama Keki hakumlaumu. Alimwomba tu atoe ubao na afungue kifuniko cha chini yake. Fundi Mkuu alinusa hewa, akamtazama, akachukua bisibisi mwenyewe badala ya kumtuma mtu.

Kifuniko kilipoondoka, petroli ilikuwa imetuama pale kwenye kibonde cha bati, inameta, ikizunguka mdomo wa pampu kama maji ya mvua kwenye sahani. Hapo ndipo keki zilipokuwa zikikaa kila Jumamosi, na ubao tu katikati.

Fundi Mkuu hakugeuza kichwa. Upande wa pili wa banda fundi mwingine alikuwa anakata chuma, cheche zinaruka.

"Zima hiyo mashine," alisema.

"Namalizia, bosi."

"Nimesema zima."

Mashine ikanyamaza. Mama Keki alikuwa anafikiria kiti cha mbele, ambapo mama mkwe hukaa na kitambaa chake puani, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akimwambia avumilie, tunakaribia kufika.

Walilisukuma gari kwa mikono mpaka uwanjani, mbali na kila kitu. Huko Fundi Mkuu akauliza, "Mbona siku zote hukulileta likiwa hivi?"

"Nilikuwa nalileta tupu."

"Kwa nini?"

Mama Keki alitazama ukuta wa banda. Madumu yalikuwa yamepangwa pale, mengine yamejaa, na juu ya moja mpira mwembamba ulikuwa umeviringishwa vizuri kama kamba ya nguo.

"Unajua kwa nini," alisema.

Fundi Mkuu naye aliyatazama madumu. Hakujitetea. "Wote huja tupu."

"Mmeshakagua magari mangapi ya aina hii?"

"Mengi."

"Na yote yalikuwa makavu?"

"Yote."

Mafundi walikuwa wameiba mafuta kidogo kidogo, wenye magari wakajifunza kuja na matangi matupu, na kwa hiyo ule ufa uliokuwa juu kabisa ya tangi haukuwahi kuonwa na jicho la fundi hata mmoja. Kila upande ulikuwa umejiona mjanja. Mizigo ya watu ilikuwa ikipita barabarani juu ya ujanja huo, na watoto kwenye viti vya nyuma.

Kipande kipya, bila shaka, hakikuwepo. Kijana wa Tai alisema kiko njiani. Gari lilibaki pale, mafuta yakatolewa kwa kuwa pampu haiwezi kufunguliwa tangi likiwa limejaa, na madumu yakaandikwa namba ya gari kwa chaki mbele ya macho ya mwenye gari. Mama Keki alirudi nyumbani kwa miguu.

Yakafuata majuma ya kupiga simu. Kiko njiani. Kimefika bandarini. Kimefika, lakini ni cha toleo jingine. Kiko njiani. Msoma mita alisema kipande hicho sasa kimesafiri kuliko ukoo wao wote. Mama Keki alipeleka keki ndogo kwa mkono, umbali ambao miguu iliweza, na za mbali akazikataa. Wateja wawili watatu walihamia kwingine. Mwalimu Mkuu alituma mtu kuuliza kama bado yupo. Alijibu kwamba yupo, na kwamba hatapeleka keki asiyoweza kuila yeye.

Simu ya karakana iliita juma la mahafali lenyewe. Gari lilikuwa limeshatengenezwa. Kijana wa Tai alimkabidhi funguo kwa mikono miwili, akitabasamu. Mama Keki aliwasha gari. Mshale ulitingishika kidogo, ukalala kwenye alama nyekundu.

Akazima, akarudi ndani.

"Mafuta yangu yako wapi?"

"Yalimwagwa, mama. Ni mambo ya usalama."

"Yalimwagwa kwenye tangi la nani?"

Kijana aligusa tai yake mfukoni. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri aliinua macho kutoka kwenye televisheni isiyo na sauti.

"Mama, ni mafuta tu. Gari si limepona?"

"Hilo ndilo sijui," Mama Keki alisema. Alichagua kiti, akakaa, akaweka mkoba magotini. "Tangu mwanzo lilikuwa halivuji likiwa tupu. Nikiondoka na tangi tupu, nitakuwa nimeondoka na neno lenu tu, na neno lenu nimeshapewa mara tatu. Nitakaa hapa mpaka lijae."

Hakupaza sauti. Alikaa kama alivyokuwa akikaa zahanati, mgongo wima, akiangalia mlango. Wateja waliingia na kutoka. Mmoja alimuuliza anasubiri nini, akamjibu kwa ukamilifu, na aliyekuwa jirani naye akasikia. Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa vioo Fundi Mkuu alipotokea na dumu kila mkono. Hayakuwa yale yaliyoandikwa namba ya gari lake kwa chaki. Yalikuwa madumu mapya, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ametoka kuyajaza kituoni. Aliyamimina, akarudi, akaleta mengine, mpaka petroli ikaonekana mdomoni.

Kisha wakatoa ubao, wakafungua kifuniko, wakawasha gari, wakasimama wakitazama, Fundi Mkuu na tochi, Mama Keki na miwani yake. Bati lilikuwa kavu. Walingoja. Likaendelea kuwa kavu.

"Wale wengine," Mama Keki alisema.

"Nimeshamwambia kijana awapigie wote," Fundi Mkuu alijibu. "Walete magari matangi yakiwa yamejaa."

Kijana wa Tai, aliyekuwa mlangoni, aliuliza, "Na wakikataa? Niwaambie nini?"

Fundi Mkuu aliinama tena. Alikuwa anakaza skrubu za kifuniko.

"Waambie watakaa na magari yao," Mama Keki alisema. "Na huo mpira utoeni pale ukutani kabla hawajafika."

Mpira ulitolewa, angalau siku hiyo. Wengine walioitwa walikwenda na matangi yaliyojaa, na baadhi ya magari yao yalikutwa yamelowa chini ya viti. Wengine walikwenda na matangi matupu kama kawaida yao, wakaambiwa warudi, na hawakurudi. Desturi haitoki kwa simu moja.

Siku mbili kabla ya mahafali alioka keki ndogo, akaipaka krimu ya siagi tupu, bila vanila wala kitu kingine cha kuifichia aibu. Aliiweka juu ya ubao, tangi likiwa limejaa, akaizungusha njia ile ile ya Jumamosi, mlima wa soko ukiwemo, madirisha yamefungwa. Kisha akaileta mezani na kuikata.

Msoma mita alikula kipande chake akasema hasikii kitu, lakini ulimi wake haukuwa wa kutegemewa. Aliwahi kunywa chai yenye chumvi akashukuru. Mama Keki hakukila chake. Alikuwa anamtazama bibi.

Bibi aliinusa keki kwanza, upande huu na upande ule. Akamega, akatafuna akiwa amefumba macho. Akamega tena.

"Sukari imezidi," alisema.

Mama Keki akainuka, akaenda kuwasha oveni.